Kuondoa kwa Usalama Moduli za Viendeshi vya Mtandao katika Kiini cha Linux: Ufafanuzi kwa Kielelezo cha Daraja la Wami

IKISIRI

Makala hii inafafanua namna moduli ya kiendeshi cha mtandao inavyoondolewa katika kiini cha mfumo endeshi wa Linux wakati kompyuta ikiwa kazini, bila kuharibu kumbukumbu wala kugandisha mfumo. Hoja kuu ni kwamba usalama wa tendo hili hautokani na kuangalia hesabu moja ya watumiaji. Unatokana na mfuatano wa hatua tatu zisizobadilishana nafasi: kuzuia wanaoingia, kusubiri waliomo watoke, kisha kuachia rasilimali. Ufafanuzi unatumia kielelezo cha daraja la zamani la Mto Wami katika Mkoa wa Pwani, na unaishia kwa kuangalia hali ya kompyuta iliyo mbali na fundi wake, kama vile iliyoko Ubena ilhali fundi yuko Dar es Salaam.

1.0 Utangulizi

Kompyuta nyingi zinazounganisha shule, zahanati na ofisi za vijijini na mtandao wa intaneti huendeshwa na Linux, ama kwa uwazi, ama zikiwa zimejificha ndani ya vifaa vya kuelekeza mawasiliano. Kiini cha mfumo huo, ambacho mafundi wengi hukiita kerneli, hakibebi kila kitu kwa wakati mmoja. Sehemu zake nyingi, hususani viendeshi vya maunzi, hutengenezwa kama moduli zinazoingizwa zinapohitajika na kuondolewa zisipohitajika tena.

Kuingiza moduli ni jambo jepesi kwa kulinganisha. Msimbo mpya unawekwa kwenye kumbukumbu, unajitambulisha, na tangu hapo sehemu nyingine za mfumo zinaanza kuuita. Kuondoa ni kinyume chake kwa sura tu. Wakati wa kuingiza, hakuna anayeutumia msimbo huo bado. Wakati wa kuondoa, huenda wapo wengi wanaoutumia katika nukta ileile, na baadhi yao hawaonekani kwa anayeondoa. Hapo ndipo lilipo tatizo linaloshughulikiwa na makala hii.

1.1 Suala la istilahi

Kabla ya kuendelea, ni vyema kueleza uteuzi wa neno "kuondoa". Kiswahili kina jozi inayofaa kabisa ya pakia na pakua, ambayo mabaharia na mahamali wa pwani wameitumia kwa shehena tangu zamani. Hata hivyo, katika lugha ya kompyuta ya leo "kupakua" kumekwisha kuzoeleka kwa maana ya kuchukua faili kutoka mtandaoni. Kusema "kupakua moduli ya mtandao" kungemfanya msomaji afikirie kinyume cha jambo linalokusudiwa. Kwa sababu hiyo makala hii inatumia "kuingiza" na "kuondoa".

Suala hili si dogo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba lugha ya menyu na vidirisha. Tabaka la chini, yaani lugha ya kiini chenyewe, halijapata maelezo ya kutosha kwa Kiswahili. Fundi hujifunza amri kwa kuziiga, na huiga pia makosa yake.

2.0 Hatari Iliyopo

Programu ya kawaida ikikosea, kiini huifunga na programu nyingine zinaendelea. Moduli haina mlinzi wa namna hiyo, kwa kuwa yenyewe ni sehemu ya mlinzi. Ikiwa prosesa inatekeleza msimbo wa moduli wakati kumbukumbu ya msimbo huo inaachiwa, prosesa itajikuta inasoma maagizo yasiyokuwapo au, vibaya zaidi, maagizo ya kitu kingine kilichowekwa mahali pale. Matokeo ya kwanza ni mfumo kuanguka papo hapo. Matokeo ya pili ni data kuharibika kimyakimya, na hasara hiyo huonekana baadaye, mahali pasipohusiana na chanzo chake.

2.1 Kielelezo cha Daraja la Wami

Msafiri wa barabara ya Chalinze kwenda Segera analifahamu daraja la zamani la Wami, lililojengwa mwaka 1959. Lilikuwa na njia moja tu. Magari ya upande mmoja yalisimama mpaka ya upande wa pili yamalize kuvuka. Mwaka 2022 daraja jipya lenye urefu wa zaidi ya mita 500 lilianza kutumika, na foleni hiyo ikabaki kuwa kumbukumbu.

Tuchukulie kwamba mafundi wametakiwa kung'oa daraja la njia moja lililo kazini. Hawawezi kuanza kwa kufungua bolti. Kwanza wataweka vizuizi pande zote mbili ili gari jipya lisiingie. Pili watasubiri magari yaliyokwisha kuingia yatoke. Tatu ndipo watakapogusa chuma. Wakisubiri kabla ya kuweka vizuizi, watasubiri milele, kwa sababu kila gari linalotoka linafuatwa na jingine. Wakiweka vizuizi na kung'oa bila kusubiri, watamwangusha mtoni aliye katikati. Mfuatano huo wa zuia, subiri na achia ndio uti wa mgongo wa yote yanayofuata.

3.0 Hesabu ya Marejeo na Mapungufu Yake

Njia ya kwanza inayomjia mtu akilini ni kuhesabu. Kila anayeanza kuitumia moduli aongeze moja, kila anayemaliza apunguze moja, na moduli isiondolewe mpaka hesabu ifike sifuri. Hesabu hii huonekana kwa amri ya lsmod, karibu na majina ya moduli nyingine zinazoitegemea.

Katika matoleo ya 2.4 na yaliyotangulia, moduli yenyewe ndiyo iliyojiongezea hesabu mara msimbo wake ulipoitwa. Utaratibu huo ulikuwa na ufa. Agizo la kuongeza hesabu lilikuwa ndani ya moduli, hivyo palikuwa na kitambo kidogo kati ya kuingia ndani na kuongeza hesabu ambapo mtumiaji alikwisha kuwamo lakini hajahesabiwa. Ni sawa na kuweka kitabu cha kuandikisha magari katikati ya daraja badala ya mlangoni. Gari linaweza kuwa limekwisha kuingia huku kitabu kikisema hakuna mtu.

Mwaka 2002, wakati toleo la 2.6 likiandaliwa, Rusty Russell aliuandika upya utaratibu wa moduli. Kazi ya kuhesabu ilitolewa ndani ya moduli na kukabidhiwa kwa anayeiita. Mwitaji hutumia kwanza kazi iitwayo try_module_get. Ikiwa moduli imekwisha kuanza kuondoka, kazi hiyo hukataa, na mwitaji hurudi bila kuugusa msimbo. Toleo la 2.6 lilitoka Desemba 2003 likiwa na utaratibu huo, ambao kwa misingi yake ungali unatumika.

Mjadala wa kipindi hicho ulifika mbali kiasi cha kuuliza kama moduli ziruhusiwe kuondolewa kabisa. Wapo walioona kwamba ugumu wa kuondoa hauna faida inayolingana nao, na kwamba afadhali moduli ikiingia ibaki mpaka kompyuta izimwe. Alama ya mjadala huo ingalipo, kwani uwezo wa kuondoa moduli ni chaguo ambalo mjenzi wa kiini anaweza kuliacha nje. Uwezo wa kuondoa kwa nguvu nao ni chaguo jingine la pekee, na kiini kikilazimishwa hivyo hujiwekea doa la kudumu mpaka kiwashwe upya, ili yeyote atakayechunguza hitilafu baadaye ajue kwamba kimelazimishwa.

4.0 Upekee wa Viendeshi vya Mtandao

Mtu akiwasha kadi ya mtandao yenye kiendeshi cha e1000e, akaipa anwani, na pakiti zikawa zinapita kwa maelfu, kisha akaangalia lsmod, kwa kawaida ataona hesabu ya moduli hiyo ni sifuri. Akitoa amri ya rmmod, moduli itaondoka na mawasiliano yatakatika bila onyo. Kinyume chake, moduli ya mfumo wa faili ambao umepachikwa haiondoki, kwani kiini hujibu kuwa inatumika.

Tofauti hii iliwekwa kwa makusudi. Vifaa vya mtandao hushikwa na sehemu nyingi za kiini. Jedwali la njia humkumbuka mlango wa kutokea, kila anwani hushikamana na kifaa, na pakiti iliyo kwenye foleni hukumbuka ilikotoka. Kama kila mshiko wa namna hiyo ungehesabiwa kwenye moduli, isingewezekana kuiondoa mpaka msimamizi awe amekwisha kuufumua mtandao wote kwa mkono. Wabunifu waliamua kwamba mishiko hiyo ihesabiwe kwenye kifaa, wala si kwenye moduli, na kwamba kuondoa kiendeshi kuwe ni tangazo kwa wote wanaokishika kifaa kwamba kinaondoka, hivyo wakiachie.

Funzo la kwanza la vitendo linatoka hapa. Sifuri ya lsmod kwa kiendeshi cha mtandao haimaanishi kwamba hakuna anayekitumia. Inamaanisha tu kwamba kiini hakitamzuia msimamizi. Jukumu la kujua nani ataathirika limebaki kwa binadamu.

5.0 Mfuatano wa Hatua

5.1 Kuzuia

Kiendeshi kinapoondolewa, hatua yake ya kwanza ni kuita unregister_netdev. Kazi hii huchukua kufuli kuu la mipangilio ya mtandao, liitwalo rtnl, hukifunga kifaa iwapo kimewashwa, na kukitoa katika orodha ili mtumiaji mpya asiweze kukipata kwa jina wala kwa namba. Kisha hutangaza kuondoka kwake. Majedwali ya njia na anwani yakilisikia tangazo hilo hufuta kila kinachokihusu.

Kufunga kifaa kuna mfuatano wake wa ndani. Foleni ya kutuma husimamishwa, upokeaji wa pakiti kwa mafungu husitishwa kwa napi_disable, na kadi huamriwa iache kutoa vikatizi, yaani ishara zinazomkatiza prosesa kazi yake ili ashughulikie maunzi.

5.2 Kusubiri

Kuzuia hakuwatoi waliokwisha kuingia. Makundi manne hupaswa kusubiriwa, na kila moja lina chombo chake.

Kundi la kwanza ni vikatizi. Prosesa nyingine inaweza kuwa katikati ya kushughulikia kikatizi kilichotolewa kabla ya amri ya kuacha. Kazi ya free_irq husubiri mshughulikiaji huyo amalize kabla ya kurudi.

Kundi la pili ni vipima muda na kazi zilizoahirishwa. Viendeshi vingi hupanga kuangalia hali ya waya kila baada ya muda fulani. Kufuta kipima muda hakutoshi kama kimekwisha kulia na kinatekelezwa. Ni lazima itumike namna ya kufuta inayosubiri. Ugumu zaidi upo pale kipima muda kinapoanzisha kazi, na kazi hiyo nayo kukitega upya kipima muda. Ukifuta kimoja, kingine hukifufua. Kwa muda mrefu waandishi wa viendeshi walitatua jambo hili kwa bendera ya "ninaondoka" inayoangaliwa na pande zote mbili. Toleo la 6.2 la mwaka 2023 liliongeza timer_shutdown_sync, inayokifunga kipima muda kisiweze kutegwa tena.

Kundi la tatu ni wasomaji wasiotumia kufuli. Kwa ajili ya kasi, njia ya pakiti hutumia utaratibu uitwao RCU, ambapo msomaji hupita bila kuandikishwa popote. Anayeondoa husubiri kipindi ambacho, kikiisha, wasomaji wote waliokuwamo wakati wa kuanza kusubiri watakuwa wametoka. Hapa kielelezo cha Wami kinafaa tena. Mlinzi hana haja ya kujua idadi ya magari. Ameweka kizuizi, na anachosubiri ni yale yaliyokuwa juu ya daraja wakati huo.

Ndani ya kundi hili umo mtego unaowanasa hata wazoefu. Kiendeshi kinaweza kuwa kimeacha agizo kwamba wasomaji wakishatoka, kazi fulani iliyomo ndani ya moduli iitwe ifute data. Kusubiri wasomaji watoke hakumaanishi kwamba agizo hilo limekwisha kutekelezwa. Limeiva tu. Moduli ikiondoka kabla agizo halijatekelezwa, kiini kitaita kazi isiyokuwapo. Dawa yake ni rcu_barrier, inayosubiri maagizo yote yaliyoachwa yatekelezwe. Magari kutoka darajani ni jambo moja, na karani kumaliza kuandika taarifa ya kutoka kwao ni jambo jingine.

Kundi la nne ni wanaokishika kifaa chenyewe. Kiini husubiri hesabu ya kifaa ishuke. Isiposhuka, hutoa kila baada ya sekunde 10 ujumbe wa unregister_netdevice unaotaja kifaa kinachosubiriwa na idadi ya marejeo yaliyobaki.

5.3 Kuachia

Hatua ya mwisho ni kurudisha kumbukumbu. Kadi ya mtandao huandika pakiti moja kwa moja kwenye kumbukumbu bila kupitia kwa prosesa. Kwa hiyo kadi yenyewe ni mtumiaji, na haisomi kufuli wala RCU. Ni lazima isimamishwe kimaunzi kabla sehemu zake za kumbukumbu hazijaachiwa. Kiendeshi kikisahau, pakiti itakayoingia baadaye itaandikwa juu ya data ya programu isiyohusika.

Kazi ya free_netdev huja mwishoni kabisa, kwani data binafsi ya kiendeshi huwa imehifadhiwa pamoja na kifaa. Kinachofutwa baada ya hapo kinafutwa katika nyumba iliyokwisha kubomolewa.

6.0 Makosa Yanayojirudia

Kosa la kwanza ni mshiko usioachiwa. Sehemu moja ya kiini ilichukua rejeo la kifaa na kusahau kulirudisha. Amri ya kuondoa huganda, ujumbe wa sekunde 10 hujaa kwenye kumbukumbu za matukio, na shughuli nyingine za mtandao zinaweza kukwama nyuma yake. Seva zinazoendesha makontena mengi zimelifahamu tatizo hili kwa miaka mingi, kwa kuwa huko vifaa vya mtandao huumbwa na kufutwa kila mara. Ugumu wake ni kwamba hesabu husema wangapi wamebaki bila kusema ni nani. Mwaka 2022 toleo la 5.17 lilileta kazi ya Eric Dumazet ya kufuatilia marejeo, ambayo huandika kila rejeo lilichukuliwa wapi, ili mdaiwa ajulikane kwa jina.

Kosa la pili ni kusubiriana. Anayeondoa ameshika kufuli la rtnl na anasubiri kazi iliyoahirishwa iishe. Kazi hiyo nayo inasubiri kufuli hilohilo ili imalizike. Hakuna atakayesogea. Kuongeza subira hakulitatui. Inabidi kazi hiyo ifutwe kabla ya kufuli kushikwa, au iandikwe upya isilihitaji kufuli.

Kosa la tatu ni kukosea mfuatano katika njia ya kushindwa. Kiendeshi kikishindwa katikati ya kuanza, kinapaswa kurudi nyuma kwa mpangilio kinyume wa kilivyopanda. Njia hii haijaribiwi mara nyingi, hivyo makosa hukaa humo kwa miaka.

Makosa haya hayagunduliki kwa kujaribu mara moja. Njia inayofaa ni kuingiza na kuondoa moduli mara mamia katika kompyuta pepe huku pakiti zikipita, kwenye kiini kilichojengwa na KASAN, kichunguzi cha matumizi mabaya ya kumbukumbu kilichoingia katika Linux mwaka 2015, pamoja na lockdep, kinachotambua mpangilio wa kufuli unaoweza kuleta kusubiriana hata kabla haujatokea.

7.0 Fundi wa Mbali: Hali ya Ubena

Tuchukulie kompyuta ya kuunganisha mtandao iliyoko Ubena Zomozi, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Morogoro. Fundi wake yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Kadi ya mtandao imeanza kudondosha pakiti, na dawa inayojulikana ni kuondoa kiendeshi na kukiingiza tena. Fundi ameingia kwa SSH kupitia kadi hiyohiyo. Akiandika rmmod, atakuwa ameukata mti alioukalia. Amri ya kuingiza tena haitafika kamwe, na kitakachofuata ni nauli ya basi na siku nzima ambayo zahanati au shule haina mawasiliano.

Utaratibu ufuatao unapunguza hatari hiyo. Kwanza, fundi ahakikishe jina la kiendeshi kwa ethtool -i na aangalie kama kuna kadi nyingine inayotumia moduli ileile, kwa kuwa kuondoa moduli huziangusha zote. Ikiwa tatizo ni la kadi moja, ni afadhali kuitenganisha na kiendeshi chake kupitia faili ya unbind iliyomo chini ya /sys/bus/pci/drivers. Kifaa huondoka lakini msimbo hubaki kwenye kumbukumbu, hivyo hatari ya prosesa kuingia kwenye msimbo uliofutwa haipo.

Pili, apange kuwashwa upya baada ya dakika 10 kwa shutdown -r +10 kabla ya kugusa chochote. Mawasiliano yakirudi, ataifuta amri hiyo kwa shutdown -c. Yasiporudi, kompyuta itajiwasha yenyewe.

Tatu, hatua za kuzima kifaa, kuondoa moduli, kuiingiza tena na kurudisha anwani ziandikwe katika hati moja inayoendeshwa na systemd-run au nohup, ili isife pamoja na kikao cha SSH. Amri ya modprobe -r inafaa kuliko rmmod, kwa kuwa huondoa pia moduli tegemezi zilizobaki bila mtumiaji.

Nne, asitumie nguvu. Moduli iliyoganda kwa sababu ya mshiko usioachiwa haiponi kwa rmmod -f. Hapo kuwasha upya ndiyo njia salama. Na kwa kuwa kuzima kwa utaratibu nako kunaweza kukwama nyuma ya kifaa hichohicho, kompyuta za mbali zipangiwe kipima muda cha ulinzi cha maunzi, ambacho huiwasha upya kompyuta iliyokwama katikati ya kuzima.

8.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba hesabu ya marejeo, japo ni ya lazima, haitoshi kuwa kipimo cha usalama. Kwa viendeshi vya mtandao hesabu ya moduli huwa sifuri hata wakati wa kazi nzito. Usalama unatokana na kuzuia, kusubiri kila kundi kwa chombo chake, na kuachia mwishoni.

Kuhusu swali la mwaka 2002, kama uwezo wa kuondoa moduli una thamani inayolingana na ugumu wake, msimamo wa makala hii ni kwamba jibu hutegemea mahali mtu alipo. Aliye chumba kimoja na seva yake anaweza kuizima na kuiwasha. Kwa kompyuta ya mbali inayohudumia watu wengi, kufufua kadi bila kuangusha huduma nyingine zote ni faida halisi, ilimradi mwandishi wa kiendeshi aliheshimu mfuatano na fundi amejiwekea njia ya kurudi kabla ya kuanza. Asiye na njia hiyo asianze. Asubiri atakapokuwa mbele ya mashine.